Mateka Huenda Wapi? Bao la Kiswahili na Vita vya Sandukuni

Mwaka 1977 kampuni ya Avalon Hill ya Marekani ilitoa mchezo wa vita wa mezani uitwao Squad Leader, kazi ya John Hill. Ulihusu vikosi vidogo vya askari wa miguu katika Vita Kuu ya Pili. Wachezaji waliupenda, wakataka zaidi, wakapewa: Cross of Iron mwaka 1978, Crescendo of Doom mwaka 1979, G.I.: Anvil of Victory mwaka 1982. Kila nyongeza ilikuja na majeshi yake, silaha zake na kurasa zake za kanuni, na kila kanuni mpya iligusa nyingine iliyotangulia. Mambo yalisongamana hadi mwaka 1985 ikabidi kanuni zote ziandikwe upya, na mchezo ukazaliwa mara ya pili kwa jina la Advanced Squad Leader. Mpaka leo mashabiki wake huweka kanuni hizo katika jalada la kuchomeka karatasi, ili ukurasa mpya ukitoka upate mahali pa kukaa.

Bao limekua kwa njia nyingine. Mtoto wa Kilindoni au wa Jibondo, huku Mafia, huanzishiwa bao la kujifunza: safu nne za mashimo manane, kete mbili kila shimo, zote 64 zikiwa ubaoni tangu mwanzo. Akishazoea kuhesabu bila kunyoosha kidole, huhamishiwa bao la kiswahili. Ubao ni uleule, na komwe ni zilezile 64. Kilichoongezeka ni sheria. Sasa kila mchezaji anatandika kete kumi tu, sita ndani ya shimo liitwalo nyumba na mbili mbili katika mashimo mawili yanayofuata kuliani kwake, na 22 zilizobaki anazishika. Hizo atazileta vitani moja moja, zamu kwa zamu, katika namua. Zikimwishia ndipo mtaji unaanza, na hapo atacheza kwa zile zilizo ubaoni tu. Nyumba ina haki ambazo mashimo mengine hayana. Kichwa na kimbi, mashimo ya mwishoni mwa safu ya mbele, vina masharti kuhusu upande wa kuanzia. Asiye na cha kula hutakasa, yaani hucheza kete zake bila kula, nako kutakasa kuna adabu zake. Mtu anaweza kumaliza miaka ndani ya nyongeza hii bila kununua kitu.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu ya Mediterranean Theater, nyongeza ya mchezo Memoir '44 wa Richard Borg. Mchezo wenyewe ulitolewa mwaka 2004, miaka 60 tangu majeshi ya Washirika yatue Normandy, na nyongeza hii ikafuata mwaka 2006. Kwa mchezaji wa Paris au Chicago ni jambo la zamani. Huku Mafia, ilipofika ndani ya begi la ndugu aliyerudi likizo kutoka ng'ambo, ilikuwa mpya kwa kila aliyekaa kuitazama, nami nikiwemo. Haya basi ni maoni ya mwanzo, ya mtu aliyelelewa na mchezo mmoja wa vita akakutanishwa na mwingine.

Sifa kwanza, kwa kuwa zinastahili. Ubao wa Memoir '44 umegawanywa kwa vyumba vya pembe sita, jambo linalofanya mwendo wa askari uwe sawa kila upande. Askari wa miguu ni sanamu nne kwa kikosi, vifaru vitatu, mizinga miwili, na unaziona zikipungua moja baada ya moja. Mchezaji haamuru jeshi lake lote. Ana karata mkononi, na karata humwambia ni vikosi vingapi anaweza kusogeza na viwe vya upande upi: kushoto, katikati au kulia. Ukitaka kushambulia kulia na karata zako zote ni za kushoto, utakaa uangalie upande wa kulia ukiliwa. Nilidhani ni udhia. Baada ya muda nikaona kwamba ndivyo amri inavyotembea vitani: mkubwa anajua la kufanya, ila ujumbe haujafika.

Bao nalo humnyima mchezaji uhuru, lakini kwa mkono tofauti. Katika bao, ukiwa na cha kula, kula ni lazima. Huna ruhusa ya kusema unaiona hila ya mwenzako na kwa hiyo unakaa kando. Kwa hiyo fundi hodari hamzuii tu mwenziwe asile, humlisha. Anamwekea kete mbili tatu mahali ambapo sheria itamlazimisha azile, na kwa kuzila, kete zake zitazunguka na kuishia palepale fundi alipotaka. Kizuizi cha Memoir '44 hutoka kwa bahati, na dawa yake ni subira. Kizuizi cha bao hutoka kwa sheria, na sheria unaweza kuigeuza silaha. Siwezi kusema kipi ni cha kweli zaidi. Jemadari aliyekwama kwa kukosa ujumbe na jemadari aliyelazimika kupigana vita asiyoitaka wote wamo katika historia, na sina hakika kwamba wa pili ni wachache.

Kisha kuna dadu. Katika mchezo huu wa sandukuni, bunduki ikilia, dadu ndiyo inayosema nani kaanguka. Bao halina dadu wala karata wala pazia. Kila kete iko wazi mbele ya wote wawili na mbele ya baraza zima. Mtafiti wa michezo ya ubao Alex de Voogt, aliyekaa na mafundi wa Zanzibar na kuandika kitabu juu ya ustadi wao mwaka 1995, alivutiwa hasa na jambo hili: kwamba mtu anaweza kubeba kichwani mzunguko mrefu wa kete, shimo kwa shimo, kabla hajagusa hata moja. Aliyezoea mchezo wa namna hiyo huona dadu kama dhihaka. Jirani yangu aliposhinda kwa mrusho mmoja, hakufurahi. Alitazama huku na huku kama mtu aliyepewa chenji iliyozidi. Lakini wapenzi wa dadu wana hoja. Bao humwaminisha mshindi kwamba alistahili. Vita vya kweli mara nyingi havimpi mshindi haki hiyo.

Nisiligeuze hili kuwa Afrika dhidi ya Ulaya. Sataranji, iliyopita kwa Waajemi na Waarabu hadi Ulaya, ilikua kwa ndani kama bao: mwishoni mwa karne ya 15 waziri, aliyekuwa akitambaa nyumba moja moja kwa mshazari, akageuka malkia anayefagia ubao kutoka ukuta hadi ukuta. Hakuna kipande kilichoongezwa, na nyumba zikabaki 64; lakini mchezo wa kabla na wa baada ni kama si mmoja. Kwa upande mwingine, jamaa ya bao imeenea nje kwa namna ya kushangaza. Waganda wana omweso, safu nne za mashimo manane na mbegu 64 kama sisi, lakini bila nyumba wala namua yetu, na wenye haki ya kuteka kwa kurudi nyuma kutoka mashimo fulani. Waomani wana hawalis, ya safu nne pia, inayochezwa hata kwa mashimo yaliyochimbwa mchangani. Hakuna aliyekaa ofisini akatoa hizi kuwa nyongeza. Mabaharia, wake walioolewa mbali na wafungwa wa vita walichukua mchezo na kuuacha kila bandari na sheria zake, na kila bandari ikaamini kwamba yake ndiyo ya asili.

Sasa nirudi kwenye Mediterranean Theater na jangwa lake, kwani hapo ndipo nilipoanza kusitasita. Nyongeza hii haileti mchanga na Waingereza tu. Inaleta tabia ya Waingereza. Kikosi chao kilichoshambuliwa kwa karibu, kikabakiwa na sanamu moja bila kurudi nyuma, huruhusiwa kujibu mapigo kwa dadu moja. Ni kanuni fupi, nzuri kuicheza, na ndani yake mna hadithi nzima ya Mwingereza asiyeonyesha hofu. Nyongeza ya awali, ya Urusi, iliwapa Wasovieti kamisaa wa chama anayewalazimu kupanga karata yao zamu moja mapema. Hivyo kila taifa lina kanuni yake. Inapendeza mezani. Ila tazama sanamu zenyewe: Mwingereza, Mhindi, Mwaustralia, wa New Zealand na wa Afrika Kusini, wote wamemiminwa katika plastiki moja ya rangi ya mchanga, na wote wamepewa moyo uleule wa Kiingereza. Mhindi aliyekufa Tobruk au El Alamein alikuwa na ujasiri wake mwenyewe, hakuazimwa.

Bao halina tatizo hili kwa sababu halina taifa. Kete ya kusini na ya kaskazini ni komwe moja, na baada ya mzunguko mmoja hujui tena ipi ilikuwa ya nani. Huo ni uzuri, na pia ni upungufu. Mchezo usiojua taifa haujui pia mahali. Hauwezi kukuambia kwamba palikuwa na kijiji, mto, siku ya mvua.

Mapokeo ya sandukuni yalianza na mahali. Mwaka 1812 Georg Leopold von Reisswitz alimwonyesha mfalme wa Prussia meza ya vita yenye ardhi ya kupangika. Mwaka 1824 mwanawe, ofisa wa mizinga, akatoa kanuni zilizochapishwa za Kriegsspiel, zilizochezwa juu ya ramani za kipimo cha 1:8000. Wachezaji walikaa mbali wakiandika amri. Mwamuzi mmoja ndiye aliyeona yote, akarusha dadu, akawaambia kila mmoja kile tu ambacho jicho lake lingeweza kuona uwanjani. Jeshi la Prussia liliuchukua kuwa darasa. Waingereza wakaupunguza uzito: mwaka 1913 mwandishi H. G. Wells alitoa kitabu Little Wars, cha kupiganisha askari wa bati sakafuni kwa mizinga midogo ya kufyatua. Mwaka 1954 Charles Roberts akauza mchezo Tactics huko Marekani, na Avalon Hill ikaanzia hapo. Memoir '44 ni mjukuu wa mezani wa wote hao, mchangamfu kuliko babu zake, asiye na mwamuzi.

Mwamuzi yule wa Prussia ananivutia kwa sababu ni kinyume kabisa cha baraza la bao. Yeye hukaa kimya na kuficha. Baraza huona kila kitu na halikai kimya hata kidogo. Pale Kilindoni, mtu akiinua kete wapo watatu wanaomwambia aziweke chini na wawili wanaomhimiza, na mpinzani anasikia yote. Katika Kriegsspiel siri ni sehemu ya vita. Katika bao siri haipo, na ugumu unabaki uleule; jambo ambalo, nadhani, lingemshangaza ofisa yule kijana wa mizinga.

Kwa kuwa sanduku linapenda mahali na tarehe, tulipatie mahali na tarehe. Mafia inayo yake, na kwa kweli ni mandhari ambayo mtunzi yeyote wa nyongeza angeililia.

Tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani SMS Königsberg, chini ya nahodha Max Looff, iliivamia HMS Pegasus ya Waingereza ikiwa imetia nanga Zanzibar, ikaizamisha. Kisha ikajificha ndani ya delta ya Rufiji, ng'ambo tu ya mlango bahari kutoka kwetu, ambako mikoko na maji mafupi viliwazuia Waingereza wenye meli kubwa. Mnamo Novemba walizamisha meli ya makaa, Newbridge, katika mdomo mmoja wa mto ili kuufunga, lakini midomo ni mingi. Januari 1915 wakatua Mafia, wakakishinda kikosi kidogo cha Wajerumani na askari wao, na kisiwa kikawa kituo chao. Walichohitaji baada ya hapo ni chombo kisichozama sana majini. Walikuwa navyo: Severn na Mersey, meli bapa za mizinga zilizojengwa kwa ajili ya mito ya Brazili na kununuliwa na Uingereza vita vilipoanza. Zilikokotwa kutoka Malta, zikafika Mafia Juni 1915. Ndege ziliruka kutoka kisiwani ili kuzionyesha shabaha, kwani mpiga mzinga aliye mtoni haoni kitu ila mikoko. Tarehe 6 Julai jaribio la kwanza lilishindwa. Tarehe 11 Julai ndege ya John Cull na mwenzake Harwood Arnold iliendelea kutuma marekebisho ya shabaha kwa redio hata ilipokuwa ikianguka baada ya kupigwa, na Königsberg ikateketea. Looff akaamuru mabaharia wake wenyewe waimalizie.

Mtunzi wa sanduku angejua la kufanya na yote haya. Angechora delta kwa pembe sita, angeweka kanuni ya maji kupwa na kujaa, karata ya ndege, kanuni ya kupiga usichokiona. Meli ikizama, sanamu yake ingetolewa ubaoni, Mwingereza angepewa medali zake, na vijana wangepanga upya kucheza kwa zamu ya kugeuziana pande. Ingekuwa nyongeza nzuri, ningeinunua.

Na ingekosea mahali pamoja pakubwa, kwa sababu Königsberg haikutoka ubaoni. Mizinga yake kumi iling'olewa kutoka mabaki yaliyokaa katika maji mafupi, ikatengenezewa magurudumu, ikavutwa bara kulitumikia jeshi la Kijerumani la Paul von Lettow-Vorbeck. Mabaharia wake wakawa askari wa nchi kavu. Waingereza nao walikuwa wamefanya hivyo hivyo: mizinga ya Pegasus iliopolewa bandarini Zanzibar na kupelekwa vitani bara. Meli mbili zilizopigana baharini zikaendelea kupigana nchi kavu zikiwa zimesambazwa vipande vipande. Leo mzinga wa Königsberg na wa Pegasus imekaa pamoja nje ya Fort Jesus, Mombasa, na watoto huipanda bila kuuliza ipi ilikuwa ya nani.

Vivyo hivyo watu. Askari wa Kiafrika waliowatumikia Wajerumani, wakatekwa, baadhi yao waliandikishwa baadaye katika King's African Rifles, jeshi la Waingereza, na kuwapiga waliokuwa wakubwa wao. Wanahistoria wa Ulaya wakati mwingine huliandika hili kwa mshangao. Mcheza bao hashangai. Kete iliyoliwa haifi. Inachukuliwa upande wa pili, inatiwa kuanzia kichwani, na tangu hapo inakula kwa niaba ya aliyeila. Tangu mwanzo hadi mwisho wa bao kete zinabaki 64. Hakuna kaburi pembeni mwa ubao. Sataranji ina kaburi, Memoir '44 inalo pia. Fanorona ya Madagaska, iliyo na vipande 22 kila upande na namna mbili za ajabu za kuteka, kwa kumsogelea adui na kwa kumkimbia, nayo hutoa mateka nje ya ubao. Wajapani peke yao, katika michezo mikubwa ninayoijua nje ya ukoo wa bao, wamefikiri kama sisi: katika shogi kipande ulichokiteka kinakuwa chako na unaweza kukishusha popote panaporuhusiwa. Lakini hata hapo kuna tofauti. Mcheza shogi huweka mateka akibani na kumtumia siku anayotaka. Mcheza bao hana akiba hiyo. Aliyemteka lazima amtawanye papo hapo, mbele ya macho ya adui.

Sitaki kudai kwamba wazee waliotunga bao walikuwa wakieleza vita vya Afrika Mashariki. Mchezo ni wa zamani kuliko Wajerumani, na Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, alikwisha kuutungia shairi. Ninachosema ni kwamba mchezo usio na ramani uliwahi kuhifadhi jambo moja la vita vya pwani hii ambalo sanduku lenye ramani haliwezi kulihifadhi mpaka libadili sheria yake ya ndani. Utekaji huku ulikuwa mara nyingi ni kuhamisha watu, si kuwafuta. Wasakalava waliokuja kwa mitumbwi kutoka Madagaska mwanzoni mwa karne ya 19 na kuuvunja mji wa Kua, pale kisiwani Juani, hawakuja kuhesabu maiti wapewe medali. Walikuja kuchukua watu.

Hapo ndipo upole wa bao unapoanza kutia shaka, nami nitasema dhidi ya mchezo wangu. Kete haimlilii iliyemwacha. Katika bao kuhama upande ni safi, hakuna mfungwa, hakuna mjane. Sanduku, kwa kuwa linaondoa sanamu na kuiacha kando ya meza, angalau linakuonyesha mahali palipobaki wazi. Na kuna kundi ambalo michezo yote miwili haikuliona: wapagazi. Katika vita vya 1914 hadi 1918 huku kwetu makumi ya maelfu yao walikufa, wengi kwa maradhi na njaa zaidi ya risasi, wakiwa wamebeba chakula na risasi za watu wengine. Askari wa Memoir '44 hali wala hanywi, hata jangwani. Kete ya bao nayo inatembea yenyewe.

Mzee mmoja aliyekuwa akitazama alifika kwenye suala la mateka kabla yangu, bila historia yoyote.

"Hawa mnaowaweka pembeni wanarudi lini?"

"Hawarudi, mzee. Wamekufa."

"Wote? Sasa mwanangu, mwisho mtacheza na nini?"

Basi tukajaribu sheria yake. Sanamu iliyopigwa isiondolewe. Iingie jeshi la aliyeipiga, aiweke mwenyewe anapotaka. Matokeo yalikuwa mabaya. Aliyepata bahati ya dadu mapema alinenepa, akapata vikosi zaidi, akapiga zaidi, na mpinzani wake akabaki na karata nzuri zisizo na wa kuziamuru. Tukajiuliza kwa nini bao haliharibiki hivyo. Jibu liko katika ule ulazima wa kutawanya. Katika bao utajiri huwekwa safu ya mbele, mkabala na mdomo wa adui. Anayekula sana ndiye mwenye vingi vya kuliwa, na fundi aliye nyuma anaweza kugeuza mchezo kwa mlo mmoja. Sisi tulikuwa tumechukua rehema ya bao bila kuchukua hatari yake.

Tukarekebisha. Mateka akaanza kuwekwa ukingoni mwa ubao, katika mstari ulio karibu zaidi na adui, na kikosi cha mateka kikawa hakina haki ya kujificha nyuma ya kilima hata cha plastiki. Mchezo ukasimama sawa. Ulikuwa mrefu, wenye kelele, na dadu zikaanza kuonekana ndogo kuliko hesabu. Tatizo likabaki kwenye medali, kwani Memoir '44 hutoa medali kwa kikosi kilichofutwa, na katika sheria yetu hakuna kikosi kilichofutwa. Tuliziacha ndani ya sanduku. Mshindi akawa yule atakayemaliza mstari wa mbele wa mwenzake, kama katika bao, na mwenye sanduku akaandika kanuni hiyo kwa kalamu nyuma ya kijitabu, chini ya ile ya Mwingereza asiyeonyesha hofu.